Uga Wetu Pale Uwanjani

Mpendwa Mama,

Jana nilikwenda Kitale. Ulinituma kabla hujafumba macho kule Bungoma, nami nikachelewa miaka miwili kwa woga tu. "Enda uangalie uga yetu," ulisema, na shangazi akadhani ni homa inayosema.

Unakumbuka tulivyobishana nikiwa darasa la sita, tukiwa bado tunaishi kule kijijini Kwanza? Mwalimu alitufundisha kuwa uwanja na uga ni kitu kimoja. Ulicheka mpaka ukaweka sufuria chini. "Ati kitu moja? Uwanja ni ya kila mtu. Kiwanja ni ya mwenye karatasi. Uga ni ya mwenye anafagia. Mwambie huyo mwalimu." Sikumwambia, nilikuwa na akili zangu.

Kisha ghasia zikazuka, nyumba yetu ikachomwa, tukajikuta tumelala kwenye uwanja mmoja Kitale pamoja na wenzetu wengi, chini ya karatasi za nailoni. Asubuhi ya kwanza ulikata matawi ukafagia kipande cha mbele yetu. Watu walidhani umerukwa na akili. "Zungukeni," ukawaambia. "Hapa si uwanja tena." Wakazunguka. Hapo ndipo Nekesa wetu, kitinda mimba wako, alipojifunza kutembea, na hapo hapo kifua kikambana, akatutoka, tukamzika. Siku ya lori la kwenda Bungoma ulikataa kupanda. "Nani atabaki na huyu mtoto?" Mimi ndiye niliyekuvuta mkono, na sijawahi kujisamehe.

Basi jana saa sita, jua la utosi, uwanja ulikuwa mtupu, nyasi zikifika magotini. Njia ya miguu inaukata katikati, lakini ikikaribia pale petu inapinda. Na pale petu, Mama, palikuwa pamefagiwa. Mistari ya ufagio ilikuwa mibichi, bila unyayo hata mmoja.

Bwana mmoja akaja na baiskeli, akashuka, akaisukuma kufuata ile kona.

"Mbona unazunguka?" nikamuuliza.

"Si hapa ni kwa mtu? Kuna mama anafagianga hapa."

"Umewahi kumwona?"

"Aa, mimi sijamuona. Lakini si unaona kumefagiwa?"

Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Niliogopa, sitakuficha. Miguu ilitaka kukimbia. Lakini lile swali la siku ya lori nimelibeba miaka hii yote, na jana nililitua. Nilivua viatu, nikasimama pembeni kama mgeni, nikabisha hodi. Sikuingia.

Pumzika ukichoka kufagia, Mama. Na umwambie Nekesa dada yake alifika mpaka ugani.

Ni mimi,
kifungua mimba wako