Mama Makala kwenye ukuta wa gardienne

Bukavu, Kadutu, tarehe 14 Novemba 1984

Kwako Yaya Adélaïde,

Nakusalimia sana, wewe na nyanya, na mama ambaye yuko kwenu huko Walungu tangu juma mbili. Mgongo wa nyanya unaendelea namna gani? Mvua imewaacha muvune maharagwe, ao yameozea shambani? Huku tuko wazima wa mwili. Papa hajatuma neno kutoka Shabunda tangu Septemba. Modeste ameanguka akapoteza jino la mbele na anajivuna nalo kama amelinunua.

Barua hii inaletwa na Tonton Léopold. Nimemwomba aitie mkononi mwako, si mkononi mwa mama. Isome kwanza peke yako. Mwishoni nitakuambia ufanye nini.

Yaya, nina hasira. Kwenye masomo walitufundisha barua ya kuomba ruhusa na barua ya kutoa pole, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Ya hasira hawakutufundisha, basi nitaiandika vile inatoka.

Mama alikuambia amekuja kumsaidia nyanya kuvuna. Hapana. Mama amekimbia watoto, tena si watoto wakubwa wenye mawe. Ni wale wa gardienne, shule ya wadogo, wa miaka mine na mitano, wenye kamasi puani.

Unamkumbuka Mademoiselle Agnès, yule Mubelgiji mrefu wa salle ya paroisse, pale kanisani? Anatengeneza sinema fupi za watoto wadogo kwa mapupe, vile vitu vya nguo ambavyo unaingiza mkono ndani halafu vinatikisa kichwa. Picha anazikamata na kamera yake. Sauti zinawekwa mbali, kwenye kaseti, na siku ya kuonyesha anawasha vyote viwili pamoja. Sinema ya kwanza ilikuwa ya chura aliyewaomba watu wasitupe takataka kwenye ziwa. Ilikuwa nzuri. Modeste aliokota maganda ya ndizi njiani juma nzima.

Ya pili ni ya pori. Kuna ngagi muzee, gorila mwenye macho ya vifungo vya koti, anaishi na watoto wake kwenye miti. Kisha anafika mwanamke mmoja, Mama Makala, mwenye shoka na gunia la makaa. Anakata mti, anakata mwingine, ngagi analia. Mwishoni watoto wote wanapaswa kupiga kelele kwa nguvu: “Mama Makala, weka shoka chini!” Naye anaanguka kinyumenyume ndani ya gunia lake, miguu juu, na watoto wanacheka mpaka wanakojoa.

Yaya, huyo Mama Makala anavaa kikwembe cha manjano chenye samaki wa buluu. Nani Kadutu hajui kikwembe hicho? Papa alikituma kutoka Shabunda siku Modeste alipozaliwa, na hapa kartie hakuna mwanamke mwingine mwenye nacho. Tena pupe huyo kabla ya kusema anasafisha koo mara mbili, kisha anaita: “Mukuye muone! Makala inawaka kabla umalize kupuliza!” Ni mama mzima, vile anaita wateja wa makala yake mlangoni mwa soko tangu sisi wadogo.

Wa kwanza kumletea mama maneno ya sinema hiyo alikuwa Modeste. Alirudi kutoka gardienne, akasimama mbele ya mama na kumwambia aweke shoka chini. Mama alicheka, akamuuliza shoka iko wapi, maana hapa kwetu hata panga tunaazima. Kesho yake Modeste alichukua maji ya kuoshea sahani, ndoo mbili, akamwagia gunia tatu za makala. Mama alipomuuliza, alisema anaokoa ngagi. Nilimkaripia mpaka akalia, na yeye alinitazama bila kuelewa, sababu gardienne kwa kitendo kama hicho walimpigia makofi.

Kisha habari ikafika sokoni. Watoto waliimba, mama zao wakajifanya wanawanyamazisha huku wanacheka chini ya vitambaa. Mwanamke mmoja alishika gunia, akauliza kama mle ndani hamna mkono wa ngagi, yeye anataka makala tupu. Watu wakacheka. Mama alicheka nao. Nilikuwa pale, nilimwona. Alicheka na mdomo peke yake.

Siku ya tatu mama alikwenda kuchungulia dirisha la gardienne. Alijiona ukutani na kikwembe chake, anaanguka ndani ya gunia. Hakuingia. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake Martine.

Wewe unamjua Martine, rafiki yangu. Anaiga watu wote: abbé wa kanisa, directeur wetu, mpaka mbuzi wa jirani. Naye pia alishona mapupe pale salle. Basi mama hakutafuta mbali. Alisimama katikati ya kiwanja cha parseli yao akasema Martine amemuuza kwa wazungu, amechukua sauti yake na kumfanya mchawi wa miti, yeye aliyemnyonyesha siku mama yake alipokuwa hospitali. Martine alikana. Mama yake hakumsikiliza, alimpiga na mwiko wa bugali mbele ya watu wote. Martine alilia, akanitazama. Tangu siku ile wanamwita muuza-mama. Kesho yake asubuhi mama alifunga mzigo akaja kwenu.

Sasa nisikilize juu ya Mademoiselle. Nilikwenda kwake. Mimi, ambaye hata nikijua jibu simwinulii mwalimu kidole. Nilimwambia kwa Kifaransa kwamba watoto wanamtukana mama yangu. Alinishika bega, akasema ce n'est qu'un conte, ni hadithi tu, Mama Makala si mtu, ni mfano tu, na mama yangu asijichukulie kuwa ni yeye. Wakati anasema hivyo boyi wake alikuwa anachoma samaki nyuma ya nyumba, kwenye mbabula, na makala. Makala ya mama, Yaya! Nililijua gunia, lina kiraka nilichoshona mimi mwenyewe. Anakula mchana moto wa mama, jioni anamwangusha ndani ya gunia.

Na kitu kinachonichoma zaidi: mama hajakata mti wa pori hata siku moja. Makala yetu inatoka kwenye miti ya kalitusi ya babu, hapo hapo ulipo, kwenye mlima ambao babu aliukuta mtupu. Wewe mwenyewe ulibeba miche kichwani. Ukikata mmoja unapanda miwili, na asiyepanda hapewi bugali jioni ile. Kama kuna mtu wa kuwafundisha watoto wa gardienne kuchunga miti, ni yule waliyemkimbiza. Ngagi simchukii. Nataka aishi. Lakini mbao za pori zinapita kila juma kwenye makamio, yale malori makubwa, na sikuona pupe mwenye kamio.

Yaya, nimezunguka vya kutosha. Hasira hii yote nimeirusha kwa Mademoiselle, kwa soko, hata kwa Modeste wa miaka mine, nisifike mahali inapokaa.

Sauti ni yangu.

Si Martine. Siku ya kurekodi Martine alikuwa na malaria. Mademoiselle aliniuliza kama ninaweza kusema kama mama wa soko. Niliingiza mkono ndani ya pupe, nikajificha nyuma ya pazia, na sauti ya mama ikatoka kinywani mwangu bila kutetemeka. Watu wa salle walicheka. Maisha yangu yote hakuna aliyecheka kwa kitu nilichosema, hakuna hata aliyenisikia. Ilinipendeza. Nilirudia mara tatu, na kila mara niliongeza. Kule kusafisha koo hakuna aliyeniomba. Niliongeza mwenyewe, ili wacheke tena.

Halafu nilimwacha Martine apigwe. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwa ule mwiko.

Jumapili nimemwambia Martine kwamba nitasema. Amenijibu kwamba ameningoja siku kumi, niache kumwambia yeye, niwaambie wengine. Yuko na haki. Basi kaseti nimeichukua pale salle kwa siri, nimeitupa ndani ya choo, na nyingine haiko. Mademoiselle alikuja mpaka nyumbani, amefadhaika kwamba kaseti imepotea, sababu Jumamosi hii baada ya Salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, anawaonyesha wazazi wote sinema ile, kisha inakwenda gardienne zote za mji. Nilimwambia asihangaike, nitasema maneno mwenyewe, nikiwa nimesimama kando ya ukuta, mbele ya watu, bila pazia. Alifurahi sana, akanipa bonboni. Hajaniuliza nitasema maneno gani.

Nitawaambia ni nani aliyesema kwenye kaseti. Nitawaambia kalitusi ni za nani na nani alizipanda. Labda sauti itakataa kutoka. Lakini nitasimama pale mpaka itoke.

Sasa Yaya, mwite mama. Umsomee yote tangu mwanzo, kwa sauti, usiruke mahali utakapoona aibu kwa ajili yangu. Tonton Léopold anarudi Bukavu Ijumaa. Simwombi mama anisamehe. Namwomba akae kiti cha mbele, na kikwembe chake cha manjano.

Nyanya umsalimie sana, umwambie Modeste anataka kuja kuona miti ya babu. Majirani wazuri, wale wawili waliobaki, wanawasalimia. Mungu awachunge barabarani.

Ni mimi mdogo wako,
Georgette Nabintu

Fungua tena bahasha, angalia chini. Kuna kipande cha nguo, manjano, na nusu ya samaki. Nimekifumua kutoka kwa pupe jana. Mama alisema ncha ya kikwembe chake ililiwa na panya, akanituma kununua dawa ya panya, na mimi nikaenda kuinunua. Mwambie haikuwa panya.