Maji Kwenye Dizeli ya Otieno

Alhamisi, 13 Machi. Migori

Gari limewaka, anasema Akinyi, mjane wa kaka yangu Otieno. Linakohoa na kutoa moshi mweupe, ila limewaka. Ni pikapu ya Otieno ya dizeli, imekaa uani tangu alipolazwa hospitali. Kesho itambeba mwenyewe hadi kwa Mama, Sindo. Afike jioni, alale nyumbani usiku mmoja, azikwe Jumamosi. Mama hajaomba jambo lingine.

Nimetuma gazetini habari ya mahindi. Nimehariri tangazo la kifo. Nimefuta "ghafla". Aliugua muda mrefu.

Ijumaa, 14 Machi. Karibu na Ndhiwa

Pikapu imezimika kilimani. Ikawaka, ikazimika tena. Kwetu, gari la maiti likikwama, ni marehemu amekataa kupita. Hubembelezwa. Shangazi akalisogelea jeneza: "Otieno, baba, kama umekasirika sema. Usitufanyie hivi kwa barabara." Wanaume walivua kofia. Gari halikuwaka.

Fundi Omosh alikuja kwa pikipiki. Alifungua koki chini ya filta, akakinga chupa ya soda. Dizeli ikaelea, maji yakatuama chini.

"Marehemu hajakataa, mathe. Ni maji."

"Na hiyo maji alinunua nani?"

 Akinyi akasema: Otieno mwenyewe. Alijaza tangi kwa mitungi ya dizeli rahisi ya Ntimaru, mpakani, wiki aliyoanza kuumwa.

"Si nilisema?" Shangazi akajibu.

Watu walicheka. Nami nilicheka. Kisha nikalia, mara ya kwanza tangu afe.

Ndhiwa hakuna filta ya pikapu hii. Madereva wawili waliosimama walikataa kubeba maiti. Jua limezama.

Jumamosi, 15 Machi. Sindo

Filta imetoka Homa Bay asubuhi. Fundi alimwaga tangi, akatia dizeli safi, akapiga pampu ya mkono hadi hewa ikaisha kwenye mabomba. Tumefika mchana. Mama alikuwa langoni. Mchungaji alikuwa na mazishi mengine, hakuweza kungoja hadi kesho. Otieno amezikwa bila kulala nyumbani.

Mama aliuliza nini kilitukawiza. Nikamwambia maji. Alitikisa kichwa, akamgeukia Shangazi. Anapendelea maelezo yake. Humo Otieno bado ana kauli.

Jumapili, 16 Machi. Sindo

Kitanda walichomtandikia Otieno kingali kimetandikwa. Hakuna anayekigusa.

Omosh anasema kutu imebaki tangini, itaziba filta mpya. Jumanne asubuhi naipeleka pikapu Ndhiwa. Tangi lishushwe, lioshwe.