Mama wa Dirishani

Shangazi Hilda, shikamoo. Nina shida, naomba unisaidie wala usinicheke, maana mume wangu Kajetani keshanicheka vya kutosha.

Sisi tunakaa mbali, ukitoka Hanga bado unaingia porini, na binti yangu Aurelia anasoma darasa la tano kijiji cha pili, saa moja na nusu kwa miguu, sasa mwezi wa tatu tembo wakapita njia ile wakala mahindi ya watu, nikaogopa, nikawa namsindikiza kila siku, na kwa kuwa kurudi nyumbani ni mbali nikawa nakaa chini ya dirisha la darasa lao namenya karanga mpaka watoke. Mimi niliishia darasa la tatu, nikaachishwa nikalee wadogo zangu, basi pale masikio hayakutulia. Wiki iliyopita mwalimu Fulgence akauliza saba mara nane, watoto wakaanza kuhesabu vidole, jibu likaniponyoka, "Hamsini na sita." Watoto walicheka mpaka wengine wakaingia chini ya madawati, mwalimu naye akasema vizuri mama, siku nyingine unyooshe mkono. Tangu hapo wenzake wanamwuliza Aurelia kama mama yake amemaliza mazoezi. Jumatatu akagoma kuvaa sare. Akaniambia, "Mama, chagua. Ama usome wewe, ama nisome mimi."

Leo siku ya nne yuko nyumbani. Akiacha shule kama mimi, sitajisamehe, lakini nikimwacha aende peke yake, tembo je?

Ila nisikufiche, Shangazi. Tembo waliondoka mwezi wa nne, na sasa ni wa nane.

Mama Aurelia

Marahaba, Mama Aurelia. Sikucheka, ila nilipofika kwa hao tembo wa mwezi wa nne niliiweka barua chini kidogo. Wewe hukuwa unalinda mtoto, ulikuwa unafuata saba mara nane. Kutaka kusoma si kosa hata kidogo. Kosa ni kusomea dirishani kwa mwanao, mbele ya wenzake. Mtoto wa umri ule atavumilia njaa na mwendo, kuchekwa hawezi.

Leo hii mwombe radhi, wewe mwenyewe, usimtume baba yake. Halafu huko kwenu si mnalimiana kwa zamu, leo shamba la huyu kesho la yule, mkimaliza mnakunywa togwa? Njia nayo ifanyieni hivyohivyo. Watoto watoke pamoja, mzazi wa zamu awafikishe uwanjani na kugeuka. Zamu yako ikifika, nawe geuka. Kajetani aandikwe wa kwanza, anayecheka sana atembee kidogo.

Na mwalimu Fulgence alikwambia unyooshe mkono, basi unyooshe: mwulize kuhusu darasa la watu wazima. Mpaka lipatikane, jioni kaa na Aurelia, yeye ndiye mwalimu, wewe mwanafunzi. Ukikosea, mwache acheke mpaka achoke. Kesho asubuhi atavaa sare mwenyewe.