Kompyuta Uliyoiua

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Bisibisi,

Pokea salamu kutoka kwa dada yako mwenye vidole vilivyoungua. Hujambo? Wifi hajambo? Na wale wanangu wawili, bado wanakula kama wanaoshindana? Natumaini kifua chako kimepona na baridi ya huko imekuachia. Sisi huku tu wazima, ila mgongo wangu umepinda kwa kuinamia meza wiki kumi na moja, na hiyo meza ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Shemeji yako anakusalimu. Amesema nikwambie kwamba amechoka. Hakufafanua, wala hana haja, maana juu ya meza ya kulia kuna kompyuta iliyopasuliwa tumbo, na tangu Desemba yeye anakula sahani ikiwa mapajani.

Ndiyo, kompyuta. Ile ile. Uliyoiua.

Usiikunje barua, nisikilize kwanza. Uliponiambia kwenye simu mwezi wa Desemba kwamba hutakuja Baba akitimiza miaka themanini, kwa sababu hutaki wanao wasikie tena jinsi baba yao alivyoua mashine kwa bisibisi, sikukulaumu. Miaka thelathini na nne, hadithi moja! Na mara ya mwisho Baba aliisimulia mbele yao, yule mdogo akakugeukia akakuuliza kama ni kweli. Niliuona uso wako. Basi nikajiambia: mashine hii nitaifufua, siku ya sherehe niiweke mbele ya Baba ikiwaka, hadithi iishie hapo, nawe uje. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu. Ningejua, ningejifunza kufuma vitambaa.

Ilikuwa juu ya kabati. Baba aliamuru itupwe siku ile ile ilipotoa moshi, lakini marehemu Mama aliifunga kwenye shuka, akaipandisha juu, akanyamaza nayo mpaka alipotutoka. Nilipofungua shuka nilikuta vumbi, mende wawili waliokauka, na kimfuko cha nailoni chenye plasta nyeupe iliyoandikwa kwa mwandiko wa Baba: SKRUBU ILIYOBAKI. Alihifadhi ushahidi!

Plasta za Baba unazijua. Miaka thelathini na moja ya kutunza stoo ya vipuri ilimfanya asiweze kukiacha kitu bila jina. Mkebe wa sukari umeandikwa SUKARI, mlango wa choo umeandikwa CHOO, na wewe ulipombandika paka plasta ya PAKA ulichapwa, ingawa hukukosea. Na sheria yake ya makosa unaikumbuka pia. Nyumba hii haikuwahi kuingia kifutio. Kosa halifutwi, hukatwa kwa mstari mmoja ili lizidi kusomeka, juu yake linaandikwa lililo sahihi, kisha saini na tarehe. Daftari zangu za darasa la nne zilikuwa na saini nyingi kuliko hati za nyumba.

Sasa nikueleze nilivyoteseka. Kile kibao cha ndani kina vidude vyeusi vyenye miguu kama tandu, ndivyo vinavyoshika kumbukumbu ya mashine, na vyote vinane vilikuwa vimekufa. Nikaagiza vingine. Nikangoja wiki tatu, vikaja vya bandia: vimekwanguliwa jina la zamani vikapigwa chapa mpya, na wino ukabaki kidoleni mwangu. Nikaagiza tena kwa mtu mwingine. Huyo aliapa kwamba vyake ni halisi, na kweli vilikuwa halisi, ila alileta sita, na viwili vilivyobaki nilimdai mpaka akachoka akavileta.

Nilijifunza kuchomelea kwa kutazama video za bwana mmoja ambaye kila baada ya dakika mbili husema kazi hii ni rahisi. Natamani nimpate. Nimeunguza kitambaa cha meza, kidole gumba, na rimoti ya televisheni iliyokuwa imekaa tu pembeni.

Pale kona kuna kijana wa kutengeneza simu, watu wote wanamwita Fundi Simu. Nilimpelekea mashine mara tano, na mara zote tano aliitazama kama mtu aliyeletewa mgonjwa aliyekwisha kuzikwa. "Mama, hii tupa," ananiambia. Halafu anavuta stuli, anainama, anasahau wateja wake, na baada ya saa nzima anasema tena nitupe. Lakini alinionyesha kila kitu, na akaniazima adapta yake ya majaribio, ile ambayo unageuza kitufe kuchagua volti.

Kwa kuwa nilishaingia majini, nikaoga kabisa. Nikaiongezea kibao cha kumbukumbu, maana ile ya asili yote haitoshi hata picha moja ya lile gari lako jipya. Mahali pa kaseti nikaweka tundu la kadi, kwa sababu mimi sina tena subira ya kusikiliza kaseti ikilia dakika saba ili mchezo mmoja uanze, kisha iseme imeshindwa. Nikavuta na waya wa kwenda kwenye televisheni za siku hizi. Kila kimoja kati ya hivyo kiligoma kwanza, kikanitukana, kisha kikakubali.

Hata hivyo kuna jambo lilinisumbua tangu nilipoifungua. Wewe uliifungua Jumamosi ile kwa sababu herufi tatu za safu ya chini zilikuwa zinanata. Nilizitazama kwa miwani ya kukuza. Ulizitengeneza, mdogo wangu. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na viungo ulivyochomelea bado vimekaa laini na kung'aa. Vyangu vya juzi vimevimba kama chunusi. Fundi Simu aliuliza ni fundi gani aliyefanya kazi ile.

Na ile skrubu! Kasha lina matundu sita, na skrubu sita nilizikuta mahali pake zote. Hii ya saba haiingii popote. Nilizunguka nayo nyumba nzima kama mwendawazimu mpaka nikaijaribu kwenye bawaba ya kabati, lile ambalo mlango wake umekaa upande tangu tukiwa wadogo. Ikaingia. Mlango sasa unafunga.

Alhamisi, kwa adapta ya Fundi Simu, kompyuta ikawaka. Kioo kikawa cha buluu, na kile kijialama kikaanza kupepesa kikisubiri amri. Nikaandika ule mstari uliokuwa ukiniudhi nao, wa kurudia jina lako mpaka kioo kijae. BISIBISI, BISIBISI, BISIBISI, juu mpaka chini. Nikacheza peke yangu sebuleni. Shemeji yako akatoka na sahani yake, akatazama, akasema, "Ndiyo hii tu?" Sikumjibu mpaka Ijumaa.

Ningesubiri sherehe. Lakini moyo wangu hauna breki, na jana saa nne asubuhi nikamwita Baba aje aone. Alivaa miwani yake ya kusomea na shati la kutokea, akakaa mbele ya mashine kama mkaguzi. Nami nikachomeka ile adapta ya kuazima.

"Hiyo ya nani?" akauliza.

Nikamwambia ni ya Fundi Simu. Baba akainuka, akaenda kwenye sanduku lake la nyaya, akarudi na adapta nzito nyeusi, yenye plasta ya manjano kwa uzee: KOMPYUTA. Kila kitu na chake, akasema. Nilijaribu kubisha kidogo, akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami nina miaka hamsini na mbili, bado nikamtii, nikaichomeka.

Zikapita sekunde tatu. Kikasikika kitu kikilia ti! Kisha moshi, kutoka mahali pale pale, na harufu ile ile ya siku ile, ambayo sikujua kwamba bado ninaikumbuka. Wiki kumi na moja, mdogo wangu! Na Baba, bila hata kuvua miwani, akanigeukia.

"Unaona? Yule mtoto aliifungua."

Nilipiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo sitayaweka kwenye karatasi, na shemeji yako akachukua sahani yake akahamia uani. Nilisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Ile harufu ndiyo iliyonizindua. Nikaigeuza kompyuta: chini yake imeandikwa volti tisa. Nikaigeuza adapta, na pale panapotakiwa kuandikwa volti palikuwa pamefunikwa na plasta. Nikaibandua polepole kwa ukucha. Kumi na tano.

Nikaenda chumbani kwa Baba. Ile redio yake unaikumbuka, ile ambayo miaka yote hii imekuwa ikinong'ona, akawa anaipiga makofi kila taarifa ya habari. Adapta yake ina plasta ya REDIO. Nikaibandua nayo. Tisa.

Alizibadilisha yeye. Ijumaa ile, siku moja kabla hujaifungua mashine, alibandika majina kwenye nyaya zote za nyumba, tena aliringa nazo. Jumamosi yake wewe ukatengeneza herufi, ukarudisha skrubu zote sita, ukachukua waya wenye neno la Baba ukauamini, kama mtoto yeyote wa nyumba hii angefanya. Hukuua kitu. Na kwa ajili ya plasta mbili, ulipojaza ile fomu ya chuo cha ufundi akaikatalia, na wewe leo unashinda ofisini ukipiga mihuri barua za watu. Nilikaa kitandani kwa Baba nikalia, kwa hasira zaidi ya huzuni. Hata mimi nilikuwa nikiicheka hadithi ile. Nisamehe.

Nilimwekea plasta zote mbili na adapta zote mbili mbele yake. Alisoma muda mrefu. Alizibeba akaenda chumbani, akafunga mlango, na baada ya dakika chache redio ikanguruma nyumba nzima, mpaka jirani akachungulia dirishani. Ikazimwa ghafla. Chakula cha mchana hakuja kula. Nilimwita mara mbili, ya tatu nikamwacha, maana na mimi nilikuwa nimenuna.

Saa kumi alitoka na faili lake la kijivu. Alitoa karatasi akaniwekea juu ya meza, kando ya mashine iliyokufa mara ya pili. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Itoe sasa uitazame, usisome mbele kwanza.

Ndiyo fomu yako. Alikuwa nayo miaka yote. Picha yako ya utoto bado imebanwa pale juu, na chini, mahali pa maoni ya mzazi, kuna mwandiko wake wa wakati ule: Hafai kwa ufundi. Huharibu mashine. Umekatwa kwa mstari mmoja, ili uzidi kusomeka. Juu yake ameandika: Anafaa. Kosa lilikuwa langu. Saini yake yote, ile ndefu ya stoo, na tarehe ya jana. Mstari umepinda kidogo.

Sikwambii umsamehe. Mimi mwenyewe bado sijamaliza kumnunia, na nilitaka sana kumuuliza anadhani fomu ya miaka thelathini inapelekwa chuo gani. Lakini alisimama pale akishika kiti, akaniambia neno moja la kukufikishia: uje na bisibisi yako.

Nimeagiza vidude vingine vinane, safari hii nikamhesabisha muuzaji kwa sauti. Vikifika sivigusi. Vitakaa kwenye kisanduku chao mpaka mwenye mkono wake aje, na wanao wasimame pembeni wamtazame baba yao akifanya kazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone; na mwenyeji mwenyewe anatimiza themanini tarehe 20 Aprili, usije ukasema hukuambiwa.

Nisalimie wifi sana, mwambie asikubali kamwe mume wake aweke kitu kwenye meza ya kulia. Wabusu wanangu wote wawili, na yule mdogo aliyeuliza kama ni kweli, mwambie shangazi yake amejibu: si kweli. Fundi Simu naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Amesema anataka kuuona mkono uliochomelea zile herufi. Shemeji yako anaomba uje upesi, apate meza yake.

Mungu akulinde njiani na kazini, akupe afya na usingizi mtulivu, na mikono yako aibariki.

Ni mimi akupendaye, na aliyechelewa kukuamini,

Dada yako.