Salamu Ziwekwe Mwisho

Shangazi yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa darasani hapa Mushasha, Gitega, masomo yamekwisha na wenzangu wako uwanjani. Najua huko Kasulu ulikomfuata mume wako simu haishiki mpaka upande kilimani, ndiyo maana barua hii inakuja kwa mkono wa dereva wa mahindi, pamoja na flashi ndogo niliyoifunga kwenye kitambaa. Tafadhali usiitazame flashi kabla hujamaliza kusoma. Kilichomo ndani kilianzia kwako.

Unaikumbuka sekretaria yako pale Mwakiro, ile ofisi ya kuchapia watu barua? Chumba kimoja, kompyuta moja, na printa iliyokohoa kabla ya kutoa kila karatasi. Mimi nilikaa kwenye kiti cha dirishani, miguu haifiki chini, na kazi yangu ilikuwa kuangalia taa. Ikianza tu kuchezacheza nilipiga kelele, "Hifadhi!" nawe ukabonyeza kabla umeme haujaondoka na barua ya mtu. Baada ya muda wateja nao wakaizoea kazi hiyo. Kina mama waliokuja kutoa fotokopi tu, ambao hawajawahi kugusa kompyuta, walipaza sauti pamoja nami, "Hifadhi! Hifadhi!" mpaka watoto waliobebwa mgongoni wakaamka wakilia. Wewe ulikuwa unacheka huku vidole vyako vinakimbia.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya Mzee Simeoni wa Buhinyuza. Alikuja umchapie barua ya kuomba bomba la maji karibu na kwao.

"Andika," alisema. "Namsalimu Mheshimiwa mkuu wa tarafa."

"Nimeandika, Mzee."

"Na mke wake."

"Nimeandika."

"Na washauri wake, na wakuu wa vilima, na mapadri wa parokia, na masista, na walimu wote..."

"Mzee," ulimwambia taratibu, "karatasi inafika mwisho na bomba bado halijatajwa."

Alikushangaa. "Binti yangu, nitamwombaje maji mtu ambaye sijamsalimu?"

Hukubishana naye. Ulizichagua zile salamu zote, ukazikata, kioo kikabaki cheupe. Mzee akashika kichwa. Ukaandika ombi la bomba, kisha ukazibandika salamu chini yake, zote, bila hata moja kupungua.

"Heee! Salamu zimehama!"

"Hazijapotea, Mzee. Zimesogea kidogo ili maji yapite."

Akaomba umwonyeshe tena. Zikapanda juu, zikashuka chini, zikapanda tena, na watu waliopanga foleni wakaacha kununa wakasogea kuangalia. Jioni ile tukichambua maharagwe ukasema kitu kama hiki kingefaa kiwe kwenye televisheni, ili mtu wa Buhinyuza na wa Mwakiro ajue kwamba kuna programu za kuandikia na za kuhesabia mavuno ambazo hazinunuliwi, na kwamba hazing'ati. Tukaanza kupanga hapo hapo. Meza ingekaa wapi, tungeanza na somo gani. Nilikuuliza nani atasema, ukaninyooshea ganda la maharagwe.

"Wewe. Mimi nitakaa kwenye kiti nyuma ya kamera, nikupigie makofi."

Halafu ukahama, sekretaria ikafungwa, nami nikaletwa Gitega kusoma. Nilidhani mpango wetu umebaki Mwakiro pamoja na yale maganda.

Shangazi, haukubaki. Hapa mjini kuna televisheni ndogo ya jamii, watu wote wanajitolea, na msimamizi wa vipindi ni Mama Konsolata. Klabu yetu ya kompyuta ilimwandikia. Akatukubalia robo saa ya kila Jumamosi, kwa sharti kwamba turekodi majaribio mawili kwanza. Tukishindwa yote mawili, robo saa yetu inarudi kwa nyimbo za kwaya. Mpiga picha wetu ni Kaka Diyedone, ambaye siku nyingine hupiga harusi, na mwenzangu wa kutangaza ni Furaha, ambaye wazazi wake walitoka Uvira na wanauza vitenge sokoni. Unajua nilivyolala na kuamka na jambo hilo. Nilitaka kipindi chetu kifike mpaka kwa watu wa foleni yako, ambao sasa wanasafiri hadi Muyinga mjini kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilisimama wima kama niko mbele ya bendera. Nikamsalimu Padri mkuu wa shule yetu, wakuu wa jiji, wazazi, walimu, na baada ya kila jina klabu yote ilipiga makofi. Furaha akapokea, akasalimu wale niliowasahau. Makofi tena. Kisha mwalimu wetu akainuka kutushukuru kwa salamu. Mama Konsolata akainua mkono.

"Bon, muda umekwisha," alisema Kaka Diyedone. "Hata ku harusi, bwana harusi anaonekana haraka kuliko hii kompyuta yenu!"

Kompyuta ilikuwa bado imefunikwa kitambaa.

Tulirudi Mushasha kwa miguu. Njiani ndipo nikamkumbuka Mzee Simeoni, nikasimama katikati ya barabara, nikamwambia Furaha tutazihamisha salamu, tuziweke mwisho.

"We! Uko na wazimu?" alisema. "Padri atasema batoto ba leo habana adabu. Njo tutafukuzwa, mimi na we."

"Hatuziondoi. Tunazisogeza."

"Na utaanza na nani sasa? Utaangalia ile kamera, utanyamaza tu kama mbuzi?"

Hapo alinipata, maana hofu yangu ilikuwa hiyo hasa. Nilipokuwa nikiitazama kamera, nyuma yake niliwaona wakubwa wote wa Gitega wamekaa safu kwa safu, na nisingeweza kumruka hata mmoja. Nikafikiri usiku na mchana. Siku ya jaribio la pili niliomba kiti kimoja kitupu kiwekwe nyuma ya kamera. Kaka Diyedone akaweka begi lake juu yake, nikamwomba aliondoe.

"Kuna nani hapa?" akauliza.

"Shangazi yangu."

Aliangalia kiti, akaniangalia mimi, akaondoa begi.

Nikasema, "Shangazi, karibu, kaa. Leo tunaandika barua ya kuomba bomba." Nikawasha kompyuta. Sikutetemeka hata kidogo, kwa sababu nani anatetemeka mbele yako? Nilikueleza kama ulivyonieleza wewe, kidole hapa, sasa bonyeza hapa, usiogope, haing'ati. Furaha alikuwa mteja, na alikuwa mteja msumbufu kweli. "Ongeza salamu kwa jirani yangu! Ongeza na kwa dada yake!" Tulikuwa katikati ya barua taa ilipoanza kuchezacheza juu yetu.

Haikuwa kwenye mpango. Lakini mwili wangu ulikumbuka wenyewe.

"Hifadhi!" nikapiga kelele, nikabonyeza. Furaha akadakia, klabu yote ikadakia, "Hifadhi! Hifadhi!" na umeme ukaondoka.

Kamera ina betri yake, kwa hiyo Kaka Diyedone hakuacha kurekodi. Tukakaa kwenye mwanga wa dirisha tukisubiri, nami nikakusimulia kuhusu kina mama wa fotokopi. Umeme uliporudi nikawasha mashine, na mbele ya kila mtu nikaifungua barua. Ilikuwepo, mpaka neno la mwisho. Shangazi, watu wazima walishangilia kama timu imefunga bao! Kisha nikazikata salamu za Furaha nikazibandika chini, na muda ukabaki. Tukawasalimu wakubwa wote bila haraka, pamoja na makofi.

Mama Konsolata alisema ndiyo. Ila niliyemwogopa alikuwa Padri, aliyeonyeshwa rekodi ile siku ya pili. Aliniita ofisini. Nilikwenda nimeshika mikono nyuma.

"Mwanangu," akasema, "nilidhani mmenisahau. Nimetazama yote mpaka mwisho nikisubiri jina langu." Kisha akaongeza, "Sasa najua kuhifadhi."

Furaha alikuwa amejificha nje ya mlango akisikiliza, akacheka kwa sauti, ikajulikana kuwa tuko wawili.

Kwa hiyo tunaanza, Shangazi. Kila kipindi kitakuwa na mtu mmoja kwenye kiti kile. Furaha amemchagua nyanya yake aliyebaki Uvira, tutamfundisha jedwali la kuhesabia mauzo. Lakini kipindi cha kwanza ni chako, na ndicho kilicho kwenye flashi. Najisikia furaha iliyochanganyika na hamu, kwa sababu kiti nilikitazama muda wote na nilijua ni kiti tu. Wewe ndiye uliyesema utapiga makofi. Ukifika mwisho wa rekodi, tafadhali yapige, hata kama uko peke yako chumbani na majirani watashangaa.

Sasa karatasi bado ina nafasi, basi nakuletea salamu. Msalimu mjomba, mume wako, na watoto, na jirani yako mwenye bata, na dereva aliyekuletea barua hii, mpe maji anywe. Baba na mama wanakusalimu. Furaha anakusalimu, Kaka Diyedone pia, ingawa anasema kiti chako kinambana pale nyuma ya kamera. Na Mzee Simeoni wa Buhinyuza anakusalimu sana kuliko wote. Amemtuma baba akuambie kwamba bomba limefika, na linatoa maji.

Nakuacha kwa upendo, nikiangalia taa,

Mtoto wa kaka yako, yule wa kiti cha dirishani