Nyonga Yangu na Mgeni wa Kaunsili

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba kabla ya Jumanne.

Mimi ni mjane hapa Wembley, nyonga yangu ya kulia imekwisha, na niliomba blue badge, kile kibali cha walemavu cha kuegesha gari, ili binti yangu Najla anifikishe kwenye kaburi la baba yake, kwani nafasi za karibu na lango ni za wenye kibali, na kutoka tunapoegesha sisi siwezi kufika, tangu mume wangu Miraji azikwe sijafika. Basi kaunsili, serikali ya mtaa inayotoa vibali hivyo, ikamleta kijana mmoja, Nikhil, kunipima, akaniuliza maumivu yakoje nikamwambia alhamdulillah, akaniuliza natembeaje nikamwambia tunashukuru, nikamtilia chai na kaimati, na alipoinuka kwenda zake mvua ilikuwa inanyesha, nikachukua mwavuli nikamsindikiza, maana marehemu hakuwa akimwacha mgeni mlangoni, hata aliyekuja kusoma mita ya gesi alimpeleka hadi kituoni akampungia mkono mpaka basi likate kona. Njiani Nikhil ananiambia, "Rudi, mama, tafadhali, utaumia," nami najua ni adabu zake tu, mgeni gani husema nisindikize? nikazidi kwenda. Kurudi nilishika kuta za watu, nikaishia kukaa juu ya ukuta wa jirani yetu Chandrakant, mwenyewe akanikuta hapo, mpaka Najla akaja kunichukua.

Nimekataliwa. Wameandika kwamba muombaji alimsindikiza mpimaji hadi kituo cha basi huku akimshikia mwavuli. Najla kashika kichwa: "Mama, umemwambia huumwi!" Nimekata rufaa, na Jumanne anakuja mpimaji mwingine, mwanamke. Najla ataka nimwambie mgeni maumivu yangu yote, na akiondoka nisiinuke. Miraji angesemaje?

Ummukulthum, Wembley

JIBU

Bi Ummukulthum, pole kwa msiba na pole kwa nyonga. Nimecheka, unisamehe, kisha nimekukasirikia. Daktari akikuuliza wapi panauma, humjibu "salama, za kwako?" Shukrani mpe Mungu, kaunsili wape majibu. Huyo mama akikuuliza umbali unaotembea, mwambie unaishia ukutani kwa Chandrakant, na umwite Chandrakant mwenyewe aje aseme alivyokukuta. Kuusema mwili wako kwa ukweli si utovu wa adabu, bibi wee.

Kaimati pika, sikukatazi. Najla ndiye azilete mezani. Mwavuli aufungie kwenye gari lake tangu asubuhi, maana sikuamini. Mgeni akiinuka, wewe kaa. Mtoto humsindikiza mgeni kwa niaba ya mamake, na hilo hata Miraji asingelipinga.

Tena nikwambie. Siku Miraji anatolewa nyumbani, wanaume walimchukua, kama ilivyo ada yetu, wewe ukabaki mlangoni. Hata mtu wa kaunsili umemfikisha kituoni, bado yeye. Nyonga hiyo ina hatua chache zilizobaki, usizimalizie kwa watu wa kaunsili. Mwekee Miraji mwenyewe.