Kundi Lisilotegemea Simu

Maskati

Kaka Rajabu,

Shikamoo. Natumai hapo Mnyuzi mmeamka salama, na goti la mama limepata nafuu. Mvua zimefika, au bado mnaangalia mawingu? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo ilikuwa juujuu, na haya sikutaka yapite kwenye simu. Aliyekukabidhi barua hii ni Hadija, binti wa huko Dindira, ambaye nilikuwa nikifanya naye kazi za ndani mtaa mmoja. Mpe kiti, mpe chakula, usimuulize kitu mpaka aseme mwenyewe.

Sisi wadada wa Tanga tuna kundi letu la kuchati. Hadija alikuwa akitusumbua tuhamie programu nyingine, na dada Mwanahawa, mkubwa wetu, hakutaka.

"Hii kila mtu anayo. Mnatafuta nini tena?"

"Hii imefungwa kwenye namba, dada," Hadija akamjibu. "Siku bosi akininyang'anya simu, mtanisikia wapi?"

Nikapewa mimi kazi ya kuzijaribu. Moja ilitaka namba vilevile. Nyingine nzito, simu ya Mwanahawa ikawa inaganda. Mwisho nikapata isiyo na mapambo, ila unaingia kwa jina na neno la siri tu, kwenye kompyuta yoyote. Mwanahawa alinuna, lakini akajiunga.

Kisha Hadija akanyamaza. Namba yake haipatikani. Ijumaa, siku yetu ya kupumzika, hakutokea. Nikawa napika simu iko kando ya jiko, mpaka chumvi nasahau.

Mchana mmoja likaingia neno kwenye kundi: "Ni mimi. Wamechukua simu na pasi yangu ya kusafiria, wananifungia ndani. Nasafisha chumba cha bwana, natumia kompyuta yake."

Mwanahawa akaniandikia pembeni, mimi peke yangu: "Usijibu! Kama ni bosi wake anatutega?"

Nikamwuliza Hadija kwa Kishambaa, nyuma ya nyumba yao ya Dindira kumepandwa nini, jambo ambalo bosi asingelijua. Zile nukta za mtu anayeandika zikatokea, zikapotea, zikarudi. Akajibu kwa Kishambaa kilekile: ilikuwa migomba, wakaing'oa wakapanda chai, na baba yake hajaacha kulalamika. Machozi yakanitoka. Mtaa naujua, jengo silijui; nikamwambia alitaje. Akaandika ghorofa ya tatu, juu ya duka la mazulia, halafu akakatika katikati ya neno.

Mwanahawa ndiye aliyepiga simu ubalozini. "Siweki simu chini mpaka mniambie nani anakwenda!" Walikwenda na polisi jioni ileile. Hadija alitoka na mfuko mmoja wa plastiki na pasi yake mkononi.

Kaka, mama msomee mpaka hapo tu. Juzi bosi wangu aliniuliza naandikiana na nani. Aliuliza kwa upole, lakini mkono ameunyoosha. Sikumpa simu. Hadija atakuonyesha programu hiyo. Iweke kwenye simu yako leo, kabla hajaondoka hapo kwenu. Na sauti ya programu usiizime, hata ukiwa shambani.

Nisalimie mama, shikamoo nyingi. Wifi mwambie kanga zake anazo Hadija. Mjomba fundi baiskeli wa pale stesheni naye asisahauliwe.

Mdogo wako, ninayekutazamia wewe,
Zaina